Juu ya Kuvumilia Hitilafu

Katika lugha ya mafundi wa mitambo imo sifa moja ambayo ingefaa kuandikwa juu ya kaburi la mtu mwema. Chombo husemwa kuwa chavumilia hitilafu ikiwa sehemu yake moja yaweza kuvunjika, nacho kikaendelea na kazi kana kwamba halikutokea jambo. Sifa hii hutajwa kwa fahari na wauzaji, na wanunuzi huilipia fedha nyingi. Nasi tusio mafundi twaikubali upesi, maana yafanana na yale tuliyolelewa kuyaheshimu: mama alalaye na njaa na asubuhi akacheka na wanawe, mwalimu asomeshaye na homa, karani abebaye zamu ya mwenziwe asiyefika. Swali la insha hii ni kama sifa hiyo ni wema. Napenda tulijibu kwanza katika mtambo ndipo tulijibu katika mtu, kwa sababu mtambo hauna majivuno wala haya, na kwa hiyo hauwezi kutudanganya juu ya nia yake.

Mtambo niuchaguao ni mtandao wa pete utumikao viwandani. Asili yake ni Etheneti, ambayo Robert Metcalfe aliieleza katika waraka wa mwezi Mei 1973, alipokuwa katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California, kisha akaijenga pamoja na David Boggs. Ilikusudiwa kwa ofisi. Habari hukatwa vipande, kila kipande hutiwa anwani kama barua, kikapelekwa. Kikipotea njiani, mpelekaji hupeleka kingine. Na karani akingoja sekunde mbili zaidi hapati dhara ila la kukuna kichwa. Kwa urahisi wake Etheneti ilienea duniani, hata wenye viwanda wakaitamani, maana vifaa vyake vilikuwa vingi na bei yake ilishuka mwaka hata mwaka.

Lakini kiwanda si ofisi. Chukua kiwanda cha saruji. Liko tanuri refu la chuma lizungukalo polepole, iko mikanda ichukuayo mawe, viko vipimo vya joto, na iko kompyuta ya kuongoza ambayo hungoja habari za vyombo hivi kila baada ya muda mfupi sana, mfupi kuliko kupepesa jicho. Habari zikikosekana mara chache mfululizo, kompyuta hiyo yafikiri kwamba kiungo kimekufa, na kwa ajili ya usalama husimamisha kazi. Tanuri likisimama ghafula hali li moto, laweza kupinda kwa uzito wake. Hapo barua iliyochelewa na barua isiyofika ni mamoja.

Mtu atasema: basi ziwe njia mbili, uzi mmoja ukikatika, habari zipite katika wa pili. Shauri hili ni jema, ila katika Etheneti lina sumu ndani yake. Kifurushi cha Etheneti hakichukui hesabu ya safari yake. Hakuna alama ndani yake isemayo kwamba kimekwisha kupita mahali hapa. Swichi, yaani kisanduku kile kikaacho njia panda na kugawa habari, ipokeapo tangazo la kila mtu hulitoa katika milango yake yote isipokuwa ule lilioingilia. Swichi zikiunganishwa kwa duara, tangazo moja litazunguka, litarudi lilikotoka, litatolewa tena, nalo halichoki. Punde waya zimejaa kelele ya jambo lililokwisha kusemwa, na neno jipya halipati nafasi. Mafundi huiita hali hii dhoruba ya matangazo. (Iko mikutano niijuayo yenye desturi hiyo hiyo, lakini hapa si mahali pake.) Mwezi wa Novemba 2002 mtandao wa hospitali moja kubwa mjini Boston, Marekani, ulielemewa kwa mizunguko ya namna hii, na kwa siku kadhaa waganga na wauguzi wakarudia karatasi na miguu ya matarishi.

Aliyeitoa sumu hiyo ni Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment, ambaye mwaka 1985 alichapisha namna vyombo vya kuunganisha vinavyoweza kushauriana vyenyewe, vikachagua njia zipi zifungwe, hata umbo la mtandao likawa kama mti, lenye matawi na lisilo na mzingo. Njia iliyofungwa haikatwi. Yangoja siku yake. Shauri hilo likafanywa kanuni mwaka 1990, na ni vigumu kutaja fikira iliyotumiwa na watu wengi zaidi bila wao kujua. Ila mti huo ulikuwa na uzito wa kufikiri: tawi likivunjika, ulihitaji nusu dakika au zaidi kujipanga upya. Baadaye ziliandikwa kanuni za haraka zaidi, lakini kiwandani hata sekunde chache ni nyingi.

Hapo ndipo pete ilipopata kazi. Nitaeleza namna moja tu, ile iitwayo MRP, ambayo iliingizwa katika kanuni za Tume ya Kimataifa ya Umeme ya Geneva mwaka 2008 na hutumika katika viwanda vingi. Swichi hupangwa kwa duara, kila moja ikishikana na jirani zake wawili, na idadi yao yaweza kufika 50. Mmoja kati yao huwa msimamizi. Wengine ni wafuasi. Msimamizi ana milango miwili juu ya pete kama wenziwe, ila mmoja huufunga. Pete basi, ijapokuwa imeungana kwa macho ya mtu apitaye, kwa habari si pete: ni mstari ulioanzia kwa msimamizi na kuishia kwa msimamizi. Kwa kufunga mlango wake mwenyewe, aiokoa pete yote na dhoruba.

Lakini mlango uliofungwa hauzuii kila kitu. Kila baada ya milisekunde 20 au pungufu, msimamizi hutoa vifurushi vidogo vya kupima, kimoja kulia na kimoja kushoto, akangoja kila kimoja kirudi kwa upande wa pili. Maadamu vyarudi, duara ni nzima, na mlango hubaki umefungwa. Visiporudi mara chache mfululizo, au jirani wa palipovunjika akimletea habari kwamba uzi wake umekufa, msimamizi hufungua mlango na kuwatangazia wafuasi wote wasahau njia walizozizoea, wajifunze upya nani yuko upande gani. Hayo yote hukamilika katika muda usiozidi milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Siku uzi utakapoungwa, vifurushi vya kupima vitarudi, naye ataufunga mlango tena.

Kuna lawama moja niipitie upesi, maana yasikika sana katika vyumba vya wahasibu. Hulalamika kwamba kipande kimoja cha waya hakichukui habari yoyote mwaka mzima, nacho kilinunuliwa kwa bei sawa na vingine. Husema ni mvivu alipwaye mshahara. Jibu lake si gumu. Mlinzi wa usiku ambaye mwizi hakuja zamu yake hakuiba mshahara; na pete isiyo na msimamizi, ambamo kila kipande chafanya kazi kwa bidii, ndiyo ile itakayojizamisha katika kelele zake. Vilevile pete yenye wasimamizi wawili wasiojuana, kila mmoja akifunga mlango wake, yaweza kuwatenga wafuasi walio kati yao, na kwa hiyo kanuni huwataka wapimane daraja na mmoja ajishushe. Hilo lingetosha kuwa insha ya mtu mwingine.

Mimi nataka tutazame kile kitokeacho baada ya uzi kukatika.

Tuseme saa nane ya usiku panya ameguguna uzi wa kioo ulio chini ya mkanda wa nne. Kwa sehemu ya tano ya sekunde vyombo vingine vilipungukiwa na habari, kisha zikaja kwa njia ya upande wa pili. Tanuri halikusimama. Mtu wa zamu aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta hakuona namba hata moja ikigeuka rangi. Asubuhi saruji ilitoka kama jana. Kwa mtu yule usiku wa pete nzima na usiku wa pete iliyokatika ni usiku mmoja. Hata hivyo kiwanda si kile cha jana. Jana kilikuwa na pete. Leo kina mstari. Jana palihitaji mikato miwili ili kazi isimame. Leo mmoja wamtosha, popote utakapotokea.

Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo imefundishwa darasani mpaka imechakaa. Itazame lakini kwa makini utaona kwamba yadhani jambo moja bila kulisema: kwamba ufa waonekana. Yamlaumu aliyeuona akapita. Pete ni ukuta wa aina nyingine. Ni ukuta ambao, ufa ukitokea, hujipaka chokaa wenyewe katika sehemu ya tano ya sekunde, na mwenye nyumba akaendelea kuegemea. Methali haikutupa neno la kumwambia huyo.

Tena kuna dhuluma inayozaliwa hapo, nayo imenisumbua kuliko hatari yenyewe. Mkato wa kwanza haukugharimu kitu, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa. Mwezi wa tatu baadaye kibarua mwenye katapila achimba mtaro wa maji machafu, agusa uzi upande wa pili wa kiwanda, na nusu nzima ya mitambo yapotea mbele ya kompyuta ya kuongoza. Tanuri lasimama. Sasa kuna hasara, na penye hasara hutafutwa mtu. Kibarua huitwa ofisini. Uzi alioukata ulikuwa mmoja tu, na kwa mujibu wa mchoro wa wahandisi wenyewe uzi mmoja haupaswi kuangusha kiwanda. Kosa lake lilikuwa miongoni mwa yale ambayo mtambo ulinunuliwa ili uyasamehe. Ila msamaha ulikuwa umekwisha tumiwa na panya miezi mitatu nyuma, na hakuna aliyemwambia. Hubeba yeye malipo ya makosa mawili. Nadhani wengi wetu tumeona jambo hili katika nyumba na ofisi bila ya waya: neno dogo la mwisho linalovunja ndoa, na jamaa wote wakamkemea aliyelitamka, wasihesabu yale yaliyomezwa kabla yake.

Wala jambo hili si la kubuniwa kwa ajili ya hoja. Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki imepewa somo hilo kwa kipimo kikubwa zaidi, katika mikongo ya baharini ichukuayo intaneti. Mkongo wa Seacom ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Na watu wakajiona salama, maana njia zilikuwa za kaskazini na za kusini. Mwishoni mwa Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, ukiwamo wa Seacom. Matengenezo yalikawia kwa sababu mahali pale palikuwa pa vita. Mizigo ikaelekezwa njia nyingine, na watu wengi wa Dar es Salaam na Mombasa wakaendelea na shughuli zao kama kawaida. Hitilafu ilikuwa imevumiliwa. Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilikatika pamoja kwa upande wa kusini, karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Magazeti yaliandika juu ya Mei. Februari haikupata sauti ile, ijapokuwa Mei isingekuwa Mei bila Februari.

Kuna na udanganyifu wa pili, ambao hautokani na mtambo bali na mchoro. Tarehe 12 Desemba 1986 sehemu ya kaskazini-mashariki ya Marekani ilitengwa na ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Eneo lile lilikuwa limeunganishwa kwa njia saba, ili moja au mbili zikifa nyingine zibaki. Ikagundulika kwamba njia zote saba zilikuwa zimepitishwa ndani ya mkongo mmoja, nao ulikatika kati ya Newark na White Plains. Juu ya karatasi zilikuwa saba. Ardhini ilikuwa moja. Vivyo hivyo mkandarasi wa kiwanda aweza kulaza pande mbili za pete katika mtaro mmoja, kwa kuwa kuchimba mitaro miwili ni ghali, na mchoro ukabaki duara zuri lisilo na doa.

Sasa turudi kwa swali. Je, pete ilikosea ilipovumilia? Nasema haikukosea, na sababu yangu haimo katika uvumilivu wake, bali katika jambo jingine ambalo hulifanya wakati uleule na ambalo wasifu wake hulisahau. Msimamizi wa pete ana nyuso mbili. Kwa mikanda, tanuri na vipimo vya joto husema: hakuna neno, endeleeni. Papo hapo, kwa fundi, husema: pete imefunguka. Taa usoni pake hubadilika hali yake. Swichi za viwandani huwa na jozi ya ncha za kutilia waya wa kengele, ambazo huachana hitilafu itokeapo, ili pakiwa na kengele ilie. Tena huweza kupeleka ujumbe kwa kompyuta ya uangalizi. Kuwaficha wale ambao hofu haiwafai kitu, na kumfunulia yule ambaye mkono wake waweza kutengeneza: kazi hizo mbili zimo katika kisanduku kimoja, na ya pili ndiyo ihalalishayo ya kwanza.

Twazungumza katika lugha iliyo na neno sitara, nasi twalipenda neno hilo. Kumsitiri mtu ni kumfunika aibu yake, na aliyesitiriwa hushukuru kama aliyevishwa nguo. Sitaki nifahamike kuwa naishambulia sitara. Aibu nyingi haziponi kwa kutangazwa, na mtaa wenye kujua kila kitu ni mahali pabaya pa kuishi. Lakini sitara hukusudia macho ya wapita njia, haikukusudia mganga. Nguo yamsitiri mgonjwa mpaka mlango wa chumba cha matibabu, na hapo huvuliwa. Wale wasemao kwamba mficha uchi hazai walikuwa hawaitukani nguo. Makosa yetu, kwa maoni yangu, ni kwamba tumelichukua neno la mlangoni tukaliingiza hadi chumbani, tukamsifu mtu kwa kuwaficha hata wale waliowekwa ili wamtengeneze. Karani ambaye kwa mwaka mzima amefanya kazi ya mwenziwe mlevi, wananchi wasijue, amefanya jema. Mkuu wao naye asijue, amekigeuza kile chumba kuwa mstari na kukiita pete. Siku atakapougua yeye mwenyewe, dirisha litafungwa, na atakayelaumiwa ni mgonjwa.

Mwili wetu nao umejengwa hivyo, na si kwa heri siku zote. Tuna figo mbili, na mtu huweza kuishi vizuri kwa moja. Ndiyo sababu maradhi ya figo huenda mbali kabla mtu hajajua kuwa ni mgonjwa: akiba yafanya kazi ya iliyopotea, na uso haubadiliki. Waganga hawalifumbui fumbo hilo kwa kungoja maumivu. Hupima damu ya mtu ambaye hajisikii vibaya. Mwili umevumilia lakini hauna taa.

Hapa msomaji ana haki ya kunisimamisha, nami namwona akiinua mkono. Ni rahisi, atasema, kumwambia mwenye kustahimili kwamba aseme. Amwambie nani? Lile ni pingamizi la kweli, na mtambo walitilia nguvu. Zile ncha mbili za kengele zimo katika swichi tangu kiwandani zilikotengenezwa. Lakini mara nyingi mno hubaki tupu, hazikutiwa waya, kwa kuwa mkataba wa ujenzi ulihesabu mitambo na haukuhesabu kengele. Taa hubadilika ndani ya kabati la chuma lililofungwa kwa ufunguo, katika chumba ambacho hakiingiwi ila kwa kufagiliwa. Ujumbe hupelekwa kwa anwani ya kompyuta iliyoondolewa zamani. Swichi imesema kweli yote, wakati wake, kwa kila njia iliyopewa. Ukija baadaye ukaandika katika taarifa kwamba mtandao haukutoa onyo, umeisingizia.

Yule mama alalaye na njaa nimemtaja mwanzo kwa sababu ya jambo hili. Watoto hawapaswi kujua. Juu ya hilo sina shaka, na kicheko chake cha asubuhi ni haki yao. Mume, ndugu, jirani, jumbe wa mtaa, mmoja wao alipaswa kujua. Lakini kabla hatujamlaumu kwa kunyamaza, tuulize kama kuna aliyevuta waya hadi mlangoni pake. Watu wengi tunaowasifu kwa subira ni swichi zenye ncha tupu. Hawakunyamaza, walisema mahali ambapo hapakuwekwa sikio, kisha sisi tukaandika kimya chao kwa jina la fadhila, maana fadhila ya mtu mwingine haina gharama kwetu. Neno subira lina heshima kubwa, na sielewi ni kwa nini hulifanya lifuniko la uzembe wa wasikilizaji.

Wala sidai kwamba kelele ndiyo dawa. Nimekwisha eleza dhoruba ya matangazo, na chumba cha zamu huweza kuwa na dhoruba yake. Pale ambapo kila jambo dogo huwasha taa nyekundu, watu hujifunza kuiona nyekundu kama rangi ya ukuta. Mtu wa zamu aliyebonyeza kitufe cha kunyamazisha mara arobaini usiku mmoja hatauliza ya arobaini na moja ilikuwa ya nini. Msimamizi wa pete ana adabu nzuri katika hili: husema mara moja pete inapofunguka, na mara moja inapofungika, wala halalamiki katikati. Ni juu yetu kuiweka sauti hiyo moja mahali ambapo haitalinganishwa na zile arobaini.

Iko namna nyingine ya pete, iitwayo HSR, ambayo mwanzoni niliiona kuwa jibu la kila kitu. Hapo hakuna mlango uliofungwa. Kila habari hupelekwa mara mbili, nakala moja kulia na moja kushoto. Mpokeaji huipokea iliyotangulia na kuitupa ile ya pili, na kila nakala iliyorudi kwa mwenyewe huondolewa isizunguke. Uzi ukikatika, nakala moja haifiki, lakini nyingine ilikuwa njiani tayari. Hakuna hata sehemu ya sekunde iliyopotea. Hutumika katika vituo vya umeme wa nguvu kubwa, ambako mkato mfupi kabisa hauvumiliki, na gharama yake ni kwamba nafasi ya waya hutumiwa mara mbili kwa neno moja. Fikiri sasa maana yake kwa hoja yetu. MRP humeza hitilafu baada ya kusita kidogo. HSR haisiti kamwe. Kama uvumilivu mkamilifu ndio wema mkamilifu, hiki ndicho chombo chema kuliko vyote. Lakini walioandika kanuni yake hawakuridhika. Waliagiza kila chombo kitoe mara kwa mara, kama desturi kila sekunde mbili, kifurushi cha kujitambulisha pande zote mbili, na wenziwe waweke orodha ya nani amesikika kwa upande gani. Kadiri walivyofanikiwa kuificha hitilafu kwa mashine, ndivyo walivyoona haja ya kujenga njia ya pembeni ya kuidhihirisha kwa watu.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ni gumu kwa sababu linahusu wakubwa. Utajuaje kwamba pete yako ni pete? Kazi yaendelea, hiyo si hoja, maana ingeendelea hata kwa mstari. Taa ni ya kijani. Labda, na labda taa imekufa, au msimamizi alipangwa vibaya na mlango wake haujawahi kufunguka hata mara moja. Hakuna njia ya kujua ila kukata uzi mzima kwa kusudi na kutazama. Fundi akienda kuomba ruhusa ya jambo hili huonekana kama mwenye kichaa. Meneja humwuliza: chombo kinafanya kazi, wewe wataka kukivunja? Tena hofu ya meneja si ya kipumbavu. Katika dakika zile za jaribio pete kweli huwa mstari, na kama kuna ufa mwingine uliofichika, jaribio ndilo litakaloufunua kwa kishindo, na jina litakaloandikwa ni la aliyetia sahihi. Basi wengi hukataa, na kukataa kwao huitwa uangalifu. Huendelea mwaka baada ya mwaka wakiwa na imani ambayo hawajathubutu kuiuliza swali.

Mafundi wenye busara huingoja siku ya matengenezo, tanuri likiwa limepoa na mikanda imesimama. Huwasha mtandao peke yake, huchomoa uzi mmoja kwa mkono, huangalia kama habari zimehamia upande wa pili, na huangalia taa. Kisha huuacha uzi ule ukining'inia, wakapanda ngazi taratibu hadi chumba cha zamu, wakamsalimu aliyekaa pale, na kumwuliza kama amesikia jambo lolote.